Breki Kwanza, Injini Baadaye

Mabishano juu ya Land Rover kuukuu, kila yanapozuka katika gereji za Mbinga au kwenye vibaraza vya maduka ya Mbamba Bay, aghalabu huishia kwenye injini. Upande mmoja husimama wale waaminio kwamba gari lililotoka Uingereza na injini yake halina budi kuzikwa nayo, na kwamba mwenye kuing'oa ili afunge ya Kijapani amelivunjia gari heshima yake. Upande wa pili husimama wenye magari ya kazi, ambao hawana wasaa wa kuijadili heshima ya chuma ilhali usipa unaharibika garini na abiria wamekwisha kulipa nauli. Nimeyasikiliza maneno ya pande zote mbili kwa muda wa kutosha, na rai yangu, ambayo naileta mbele ya wasomaji kwa staha lakini bila kusitasita, ni kwamba wote wawili wanagombania kiungo ambacho si hicho chenye hatari. Injini na ibadilishwe, na atakayeibadilisha simlaumu. Ila isibadilishwe kabla ya breki.

Nisidhaniwe kuwa ni mtu asiyeyapenda magari hayo. Mwezi wa Oktoba 2024, wenye Land Rover walipokusanyika Arusha kwa nia ya kuivunja rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018, nilizitazama picha zao kwa furaha ya mtoto, nikazitambua moja baada ya moja: ile ya taa zilizosogeleana karibu na pua, ile ya taa zilizohamia mashavuni, ile ya kioo cha mbele cha vipande viwili, na zile za watalii zilizong'arishwa ambazo hazijapata kubeba hata gunia moja la mihogo. Walakini gari la maonyesho na gari la mzigo hayaendi kwa kanuni moja. La kwanza hupimwa kwa macho ya mtazamaji, la pili hupimwa na mteremko. Na sisi tukaao Ngumbo, tuliobanwa baina ya Ziwa Nyasa na milima, kila tunachokiuza na kila tunachokinunua hakina budi kupanda au kuteremka.

Wasomaji vijana, waliolikuta gari hili likiwa limekwisha kuchakaa, huenda wasijue kwamba lilizaliwa katika dhiki. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa ikigawa chuma kwa kibali, na kampuni ya Rover ya Solihull, iliyozoea kuwaundia waungwana motokaa za starehe, ilikuwa na kiwanda kikubwa kisicho na chuma cha kukitosha. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni hiyo, alikuwa na Jeep ya Kimarekani iliyosalia kutoka vitani, akiitumia katika shamba lake kisiwani Anglesey, na ni katika kuihangaikia Jeep ile ndipo yeye na nduguye Spencer walipoazimia kuunda gari lao wenyewe la shamba, la kuwavusha miaka michache mpaka hali itengemae. Bodi wakaifanya ya aluminiamu, kwa kuwa aluminiamu haikuwa adimu kama chuma. Rangi wakaipaka ya kijani, kwa kuwa ndiyo iliyobaki kwa wingi kutoka kazi za ndege za kivita. Tarehe 30 Aprili 1948 lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, na lile lililokusudiwa liwe la kupitishia shida likaendelea kuundwa, kwa sura ambayo mzee wa mwaka 1948 angeitambua pasipo kuambiwa, hadi tarehe 29 Januari 2016.

Kwetu lilikuja pamoja na mabwana wa wilaya, na mapadri, na maafisa wa kilimo waliopanda nyanda za Umatengo kwa ajili ya kahawa. Baada ya Uhuru likarithiwa na wizara, hospitali za misheni na vyama vya ushirika. Na ushirika ulipovunjwa mwaka 1976, na tena kila idara ilipopata magari mapya, yale ya zamani yakapigwa mnada, yakaingia mikononi mwa wafanyabiashara, yakaanza maisha mapya ambayo waundaji wake hawakuyafikiria. Land Rover iliyomchukua mkaguzi wa elimu ikawa inachukua mabati na saruji. Iliyokuwa ya zahanati ikawa inachukua dagaa, na siku ya msiba ikachukua jeneza, na usiku wa mvua, pikipiki zote ziliposhindwa kwenye tope la Lituhi, ikamchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa. Nasema haya ili ieleweke kwamba ninapoyaita magari haya ya kale sikusudii vitu vya kutiwa katika makumbusho. Yako kazini.

Umri wao katika pwani hii ya Nyasa umekuwa mrefu kuliko ambavyo ungekuwa Lindi au Unguja, kwa sababu moja isiyosifiwa vya kutosha, nayo ni kwamba maji ya ziwa letu hayana chumvi. Bodi ya aluminiamu haishiki kutu, bali chasisi iliyo chini yake ni ya chuma, na upepo wa bahari huila chasisi hiyo kutoka ndani ilhali bodi ingali inapendeza machoni. Huku kwetu adui wake ni tope tu, na tope huoshwa. Ndiyo maana gari la miaka ya 1960, likipata mwenyewe mwenye tabia ya kulisafisha uvungu, laweza kuwa na mifupa mizima kabisa na likastahili kugharamiwa matengenezo makubwa.

Ama suala la kumtoa Mwingereza injini yake na kumtia nyingine, hilo ziwani kwetu si jambo jipya wala si kufuru. Meli ya Chauncy Maples, iliyoitwa kwa jina la askofu wa misheni ya UMCA aliyezama ziwani humu mwaka 1895, iliundwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande kwa meli, kwa mashua na kwa mabega ya watu, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1901, ikiendeshwa kwa mvuke na kuni. Na katika miaka ya 1960 mashine ile ya mvuke ikatolewa, ikafungwa ya dizeli, na meli ikaendelea na safari. Hakuna aliyesema kwamba si Chauncy Maples tena. Na hapo Liuli, jirani zetu, palipoitwa na Wajerumani Sphinxhafen kwa ajili ya lile jiwe lao lifananalo na Sphinx, meli ya Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa, mwezi wa Agosti 1914, pale Kapteni Rhoades alipotokea na meli ya Gwendolen akaishambulia, nahodha wa Kijerumani akiwa bado hajapata habari kwamba vita imeanza. Baada ya vita Waingereza wenyewe waliitengeneza meli ile ile, wakaipa jina la mfalme wao. Watu wa mwambao huu, basi, wamekwisha kuona chombo kikibadilishwa moyo, na kikibadilishwa jina pia, na usafi wa asili unaohubiriwa na wakusanyaji wa magari hauwashughulishi. Nami sioni sababu ya kuwashughulisha.

Na tuitazame injini yenyewe. Ile ya dizeli ya lita 2.25, iliyofungwa katika Land Rover nyingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ina nguvu za farasi 62, na kwa nguvu hizo, ikiwa na magunia nyuma na watu juu ya magunia, hupanda kutoka ziwani kwenda Mbinga kwa subira ya mtu aendaye hija kwa miguu. Ziwa limelala mita zipatazo 475 juu ya usawa wa bahari, nazo nyanda za Umatengo zapita mita 1,300. Tofauti hiyo yote injini huilipa kwa moshi, kwa kuchemsha rejeta, na mwisho wake, ikiwa dereva hana huruma, kwa kupasuka silinda hedi. Kuifanyia ovahoo, yaani kuchonga silinda, kubadili pistoni na ringi, kusaga valvu, kupeleka pampu ya dizeli na nozeli kwa mtaalamu, ni gharama ambayo humrudishia mwenye gari farasi wale wale 62, pungufu ya waliokimbia. Ndipo fundi anapomshauri afunge Nissan TD27, au, akiwa mtu wa mkono mpana, Toyota 1HZ ya lita 4.2 na silinda sita, yenye nguvu zaidi ya mara mbili ya ile ya asili, na ambayo spea zake zinapatikana Songea bila kuagizwa mbali.

Kazi hiyo ni ya ustadi, na naomba nisinyimwe nafasi ya kuisifu. Giaboksi ya Mwingereza na injini ya Mjapani hazikuumbwa kuonana, fundi humpelekea mkereza vyuma vipimo vya pande mbili, akachongewa sahani nene ya kuziunganisha, hukata vikalio vya injini vya zamani na kuchomelea vipya, husogeza rejeta, hufupisha au kurefusha propela shafti, huondoa dainamo ya Lucas na kuweka alteneta, akikumbuka, kama ni fundi kweli, kwamba magari mengi yaliyoundwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa betri kinyume, upande chanya ukiwa ndio ulioshikwa na bodi, na asipokumbuka huchoma nyaya zote kabla gari halijatoka chini ya mwembe. Na haya yote huyafanya bila kitabu, kwa kupima kwa jicho na kwa kamba. Nchi nyingine mtu wa namna hii angeitwa mhandisi, akapewa ofisi.

Lakini mtazame anapomaliza. Injini imewashwa, inavuma kama inavyotakiwa, watu wamekusanyika, mwenye gari ameagiza soda. Siku moja, katika sherehe ya namna hiyo, nilithubutu kuuliza, "Fundi, na breki je?" Akanijibu kwa adabu kamili, "Mwalimu, breki tutaziangalia injini ikishakubali." Injini ilikuwa imekwisha kukubali, na gari likapakiwa jioni ile ile.

Hapa sina budi kumwomba msomaji avumilie maelezo ya mambo yaliyo chini ya gari, kwani hoja yangu yote imejificha huko. Nguvu ya injini hupita katika giaboksi, ikaenda kwa propela shafti hadi kwenye difu ya nyuma, na kutoka humo ikagawanywa kwa hafu shafti mbili, moja kwa kila tairi. Katika Land Rover za zamani zenye chasisi ndefu, ziitwazo 109, kabla ya kuja zile za miaka ya 1970 zenye ekseli nzito ya Salisbury, hafu shafti hizo ni nyembamba kiasi kwamba hata injini ya asili ilikuwa ikizikata zikichoka, na kila dereva wa misheni alisafiri na moja ya akiba kitini. Mtwishe mtu wa mabega hayo injini yenye nguvu maradufu, na kukatika kwake si bahati mbaya tena bali ni suala la lini.

Hafu shafti ikikatika wakati wa kupanda, gari husimama na watu hushuka wakinung'unika. Ikikatika wakati wa kuteremka, mambo matatu hutokea kwa pamoja, na dereva huyajua kwa zamu. Kwanza, gia nzito aliyoiweka ili injini ilizuie gari haizuii tena chochote, maana difu humwaga kazi yote upande uliokatika, injini ikabaki kuzunguka peke yake. Pili, anaivuta breki ya mkono, naye haoni mabadiliko, kwa sababu katika gari hili breki ya mkono haishiki matairi kama katika magari mengine. Hushika propela shafti nyuma ya giaboksi, na propela shafti imekwisha kutengana na barabara. Tatu, anabaki na breki ya mguu, ambayo ni ya dramu katika matairi yote manne, na katika magari mengi ya zamani hupata oili yake kwa njia moja tu kutoka masta silinda moja, hata bomba likipasuka popote, au mpira mmoja ukivuja katika silinda ya tairi moja, matairi yote manne hukosa breki kwa mara moja. Wazee walioendesha magari haya katika njia za milimani walilijua jambo hili, ndiyo maana kabla ya kuanza kuteremka walisimama, wakafunga vizibo vya magurudumu ya mbele kama gari linavyo, wakaibonyeza ile koki ya njano ili matairi ya mbele nayo yashike kazi, wakashuka kwa miguu minne. Dereva wa leo, aliyejifunzia Noah au Canter, pengine hajui koki ya njano ni ya nini, na akiijua huiogopa kwa sababu hunywesha mafuta.

Wapo watakaonijibu kwamba magari hayo yameteremka kwa zaidi ya miaka hamsini na breki hizo hizo, na waliokufa ni wachache kuliko wanaouawa na pikipiki. Ni kweli, na hapo ndipo lami inapoingia katika habari hii. Zamani, kutoka Songea hadi Mbinga, na zaidi kutoka Mbinga hadi ziwani, barabara yenyewe ilimkataza mtu kwenda mbio. Makorongo, mawe na utelezi vilifanya nusu ya kazi ya breki, na gari la farasi 62 lenye difu fupi halikuweza kufanya uovu mkubwa hata likitaka. Sasa lami imefika Mbamba Bay, ni baraka isiyo na kifani, na kila mwenye usipa na kila mwenye kahawa anaishukuru. Lakini mteremko haukupunguzwa kwa kuwekwa lami. Gari lililozoea kushuka kwa kilomita 40 kwa saa linashuka kwa 80, likiwa na injini inayolisukuma, na pengine difu ndefu iliyotolewa katika Range Rover ili lisilie barabarani, ilhali dramu zake ni zile zile. Na dramu ina ila moja inayojulikana na kila aliyesoma ufundi: ikishikwa kwa muda mrefu hupata moto, ikipata moto hutanuka na kuikimbia shuu, na shuu yenyewe ikichomeka hupoteza mshiko wake, hata dereva akakanyaga kanyagio gumu kama jiwe na gari lisisikie. Diski hupoa haraka kwa kuwa iko wazi kwenye upepo. Waundaji wenyewe walilikiri hilo mwaka 1983, walipoitoa One Ten, mrithi wa 109, yenye springi za mviringo, wakaitia diski mbele tangu siku ya kwanza.

Kutoka Mbamba Bay kuja kwetu Ngumbo, barabara ingali ya changarawe, na hivyo gari moja, katika safari moja, hudaiwa tabia mbili: lipige lami kama basi, kisha liingie vumbini na kuvuka vijito kama punda. Maji ya vijito nayo huingia katika dramu, na dramu iliyolowa haikamati mpaka ikauke. Jambo hilo dereva mzoefu hulitibu kwa kugusagusa kanyagio baada ya kuvuka, na dereva mgeni hulivumbua kwenye kona ya kwanza.

Sasa nije kwenye ufundi mdogo mdogo, ambao ndio huua kimyakimya. Magari haya, hasa yale ya kabla ya miaka ya 1970, nati zake nyingi ni za inchi, na mafundi wetu wamelelewa kwa spana za namba: kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na saba. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, spana ya kumi na tatu huingia ikichezacheza, ikakwangua pembe za nati mpaka iwe duara, na ile ya tisa kwa kumi na sita haiingii kabisa kwenye spana ya kumi na nne. Fundi akikutana na nati za mabomba ya breki zilizokwanguliwa namna hiyo, hushawishika kuliacha bomba kuukuu mahali pake, maana kulifungua ni kulivunja. Seti moja ya spana za inchi, ambayo bei yake haifiki hata ya betri, ingeokoa mabomba mengi kuliko mahubiri.

Kisha kuna oili. Mipira iliyomo katika silinda za breki imetengenezwa kwa ajili ya oili ya breki peke yake. Ikiguswa na oili ya injini au ya hidroliki huvimba na kulegea, na ndani ya siku chache shuu hung'ang'ania dramu au kanyagio hudidimia mpaka sakafuni. Hata hivyo nimemwona kijana wa gereji akijaza kikopo cha masta silinda kwa kilichokuwa karibu, kwa sababu duka lilikuwa limefungwa na abiria walikuwa wanapiga kelele. Nani wa kumlaumu? Yeye hakufundishwa, na aliyekuwa akimharakisha ni mteja.

Mwenye gari naye ana hoja yake, na insafu yanidai niieleze. Injini mpya humletea fedha: gari hupanda haraka, hubeba zaidi, hufika sokoni mapema. Breki mpya hazimletei senti moja. Hakuna abiria atakayelipa nauli zaidi kwa sababu masta silinda ina njia mbili. Kwa hiyo fedha zikiwa za kitu kimoja, zitakwenda kwenye injini, na mtu huyo si mjinga wala si muuaji, anafanya hesabu kama wafanyavyo wafanyabiashara wote. Ninachomwomba ni kuzifanya hesabu hizo ndani ya bei ya injini. Kabla hajatia mkono mfukoni kwa ajili ya 1HZ, na aulize bei ya masta silinda ya njia mbili pamoja na sevo ya kusaidia mguu, ambavyo vilikuja katika magari ya baadaye ya aina hiyo hiyo. Aulize dramu za mbele za 109 zenye silinda mbili kwa kila tairi. Aulize ekseli ya Salisbury ya kuchukua nafasi ya ile ya nyuma. Na kama ana uwezo zaidi, aulize ekseli ya mbele yenye diski kutoka One Ten au Defender iliyopinduka, kwa maana hayo sasa yanakatwa kwa vipande katika miji mikubwa, na mchomeleaji hodari aweza kuibadilishia vikalio vya springi. Akishaona jumla, huenda akagundua kwamba injini ya TD27 inamtosha, na kwamba nguvu alizokuwa akizitamani hazikuwa za kupandia mlima, zilikuwa za kumpita mwenzake.

Vyuo tunavyo. VETA ipo Songea, na Peramiho Wabenediktini wamekuwa wakifundisha ufundi wa chuma na magari tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na mafundi waliotoka pale hutambulikana kwa jinsi wanavyofuta spana kabla ya kuirudisha mahali pake. Magari ya serikali yanayopigwa mnada kila mara kama vyuma chakavu, baadhi yake yangeweza kupelekwa katika vyuo hivyo yakafanyiwe somo la breki, kwani mwanafunzi akijifunza juu ya dramu ya 109 atakuwa amejifunza karibu kila kitu kilicho kigumu katika breki. Hilo ni ombi dogo, nami sitaki kulirefusha, maana vyuo vinaombwa mengi.

Ombi langu kubwa linahusu kadi. Kadi ya gari huandikwa namba ya chasisi na namba ya injini, na anayefunga injini nyingine hupaswa kwenda kuisahihisha, ili injini iliyoandikwa na injini iliyofungwa ziwe moja. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya wizi na kodi, na kwa hayo unafaa. Bali hapo hapo, mbele ya ofisi, lipo gari ambalo nguvu zake zimeongezeka maradufu, na mtu mwenye mamlaka anainama kusoma namba iliyogongwa kwenye chuma. Akishainama, na ainame zaidi kidogo. Aangalie kama masta silinda ni ya njia moja au mbili, aangalie mabomba, alipandishe gari lenye mzigo kwenye kilima kilicho karibu na alisimamishe likiteremka, kwa breki ya mguu na kisha kwa ya mkono. Na gari ambalo injini yake ni ya mwaka huu na breki zake za mwaka 1962 lisipewe kadi mpya mpaka limerudi gereji. Kazi hiyo haihitaji sheria ngeni wala mashine ya kununuliwa nje. Inahitaji mkaguzi wa magari, kilima, na nusu saa. Na kabla ofisi haijakubali, mafundi wa Mbinga wanaweza kuanza wao wenyewe, kwa kumwambia mteja siku ile ile anapoleta injini juu ya Canter kwamba haitashushwa mpaka fedha za breki ziwe zimekwisha kuwekwa mezani.